Kaledio ka Manju

Mtu wa kwanza kuniita mwizi wa sauti alikuwa jirani yangu, na aliniita hivyo asubuhi mbele ya wateja, huku ameshika andazi langu mkononi. Nilikuwa nampiga picha mwanangu kibarazani, na jirani huyo alikuwa anaimba karibu. Akanyamaza ghafla.

"We binti wa mashine, hiyo simu yako inanyonya na sauti?"

"Hii ni picha tu, baba. Picha haina sauti."

"Nani kakuambia?"

Hakuimba tena hadi nilipoiweka simu kwenye droo na kuifunga mbele ya macho yake. Andazi alimaliza, akaomba na chai.

Sote tulimwita Manju. Kwa Wasukuma manju ndiye anayeongoza ngoma: anatunga nyimbo, anaanzisha, na kundi lake linaitikia. Ni kazi, si jina, lakini kwake kazi ilikuwa imelimeza jina. Hata mkewe, Mama Kulwa, ambaye walikutana humo humo kundini akiwa mwitikiaji, alimwita Manju akiwa na furaha. Akikasirika alisema "huyu mzee wenu", hata kama anaongea na mpita njia asiyemjua.

Mimi nina steshenari kwenye makazi ya wachimbaji, nje kidogo ya mji wa Geita. Natoa kopi, napiga picha za vitambulisho, naingiza nyimbo kwenye memori na flashi za watu. Yeye alikaa ng'ambo ya barabara. Alitokea upande wa Songwa, kule Kishapu, na zaidi ya hapo sijui, maana ukimuuliza habari za kwao alikujibu kwa kukuimba wewe. Alikuwa mrefu, mwembamba, kofia ya sufi kichwani hata jua likiwa kali, na vidole vyeupe nchani kwa kushinda majini. Kazi yake ilikuwa mwaloni, pale wanapooshea mchanga wa dhahabu. Na shingoni, kwenye ukanda wa ngozi ya ng'ombe, alining'iniza kidude cha kusikilizia muziki, kidogo kama kiberiti. Sisi huku kitu kidogo tunakipa "ka", na yeye redio aliita ledio, kwa hiyo kidude kile kikawa kaledio.

Nyimbo zake zilikuwa za Kisukuma na hazikumwogopa mtu. Printa yangu ilipokuwa na ugonjwa wa kumeza karatasi, alitunga wimbo kwamba jirani yake amefuga mnyama asiyekula majani wala pumba, anakula barua za watu za kuombea kazi. Wiki nzima wateja walikuwa wanaingia dukani wanacheka kabla hawajasema shida yao. Nilikasirika, kisha nikajikuta nauimba mwenyewe huku nachomoa karatasi. Aliwaimba wanunuzi wa dhahabu wenye mizani inayochechemea, aliwaimba wachungaji, na mwenyekiti wa kitongoji alimwimba mpaka yule bwana akabadilisha njia ya kwenda kwake.

Yeye mwenyewe kutaniwa hakuweza hata kidogo. Siku moja mama lishe aliyekuwa anampikia alisema viatu vyake vya plastiki vimechoka kuliko yeye. Manju akasusa, akahamia kwa mama lishe mwingine ambaye wali wake, kwa kukiri kwake mwenyewe, ulikuwa haupandi wala haushuki. Akala hapo kwa kununa mpaka yule wa kwanza alipomfuata na sahani ya samaki kumbembeleza.

Jumapili alikwenda kanisani, akakaa nyuma, na hakufungua mdomo wakati wa nyimbo. "Kule kuna mwenyewe," aliniambia, akimaanisha mwalimu wa kwaya. Na chini ya mkono wa shati alikuwa amefunga kitu ambacho hakuna aliyethubutu kukiuliza. Mchungaji alikijua, Mama Kulwa alikijua, na maisha yaliendelea.

Hiyo hofu ya kurekodiwa nilikuja kuielewa baadaye. Ngoma za kwao ni za mashindano. Makundi mawili yanasimama uwanja mmoja, kila moja na manju wake, na watazamaji wanahamia kule kunakonoga. Anayekimbiwa na watu hasemi alikuwa na wimbo mbaya, anasema ametengenezwa, yaani amerogwa. Manju aliamini kabisa kwamba adui akiipata sauti yako ataipeleka kwa mtaalamu, na wewe koo litakauka uwanjani mbele za watu. Kwa hiyo hakuna aliyemrekodi. Vijana walijaribu, na aliwafukuza na fimbo.

Siku kompyuta yangu iliposhikwa na vairasi na mafaili ya wateja yakapotea, alikuja kunipa pole. Akavuta kiti, akauliza kwa sauti ya chini:

"Unamshuku nani?"

"Havitumwi na mtu hivi, baba. Vinakuja kwenye flashi."

"Na flashi inaletwa na nani? Inakuja yenyewe kwa miguu?"

Nikazikusanya flashi zote mezani, nikaziweka kwenye droo.

Ila mtu huyo huyo, aliyeogopa simu ya kila mtoto, alikuwa amejirekodi mwenyewe. Miaka ya nyuma, kundi likiwa bado zima, alinunua redio ya kanda, akawakusanya watu wake, na kila msimu wa ngoma ulipokwisha aliziweka nyimbo za msimu ule kwenye kanda. Zilikaa ndani ya sanduku la mabati. Zilipoanza kuliwa na redio aliniletea ndani ya mfuko wa mbolea na kuniuliza kama mashine yangu inaweza kuzihamishia kwenye kaledio. Nikasema inaweza. Tuliunga waya, tukakaa. Kanda haziharakishwi, lazima ziimbe mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo nilizisikia zote, mlango ukiwa umefungwa na yeye amekaa ameuegemea ili mtu asiingie.

Nisingependa kuzisifia sana, kwa kuwa sasa hakuna wa kunibishia. Lakini kulikuwa na wimbo mmoja wa vijana waliofukiwa kwenye duara. Duara ni shimo la kuchimbia dhahabu, na wale walikuwa watu wa kundi lake, walioacha jembe wakaja huku kutafuta maisha. Ndani ya wimbo ule Manju aliwataja kwa majina, mmoja mmoja, na kila mmoja na lake. Huyu alikuwa analala na kofia. Huyu akicheka anashika tumbo la mwenzake. Huyu alikuwa bado hajamwambia yule msichana. Kila baada ya jina kundi liliitikia, halafu jina lingine. Wengine kati yao hawakutolewa kamwe. Mama zao wanakaa vijijini na hawana kaburi la kufyekea majani, na wimbo ule ndio mahali pekee walipokuwa wametajwa wote pamoja. Nililia, na yeye akajifanya anatazama dari.

Tulipomaliza aliniuliza, "Humo ndani ya mashine zimebaki?"

"Zimebaki. Ni vizuri zibaki, baba, kaledio kakiharibika tu..."

"Zitoe."

Nikamfundisha neno: futa. Akasimama nyuma yangu, nikafuta. Akaona kile kipipa cha taka kwenye kioo.

"Na hilo pipa, limwage."

Nikalimwaga. Jioni alizichoma kanda uani kwake, moshi mweusi ukatutoa machozi mtaa mzima. Watu wananiuliza kwa nini sikubakiza nakala kwa siri. Zilikuwa zake. Jibu langu ni hilo, na halinisaidii.

Kisha kikampata kiharusi. Alianguka mwaloni asubuhi, na alipotoka hospitali mkono wa kushoto ulikuwa umelala na mdomo umevutwa upande. Kuimba hakukubaki. Mama Kulwa alimshika mkono akamwanzishia wimbo alivyoweza, na kilichotoka kilikuwa pumzi tu. Maneno yalimwishia karibu yote. Yaliyobaki yalikuwa "ee", "yaya" ya kukataa, na maneno ya kazini kama maji, mchanga, osha, safisha.

Hapo ndipo kaledio kalipokuwa mdomo wake, na sisemi hivyo kwa mapambo. Alianza kukaweka sauti ya juu, nje, mtu yeyote asikie. Hofu ya maadui ilikuwa imemtoka, au alikuwa ameona hakuna kilichobaki cha kukausha. Alijua kila wimbo uko wapi, akabonyeza kwa kidole gumba bila kutazama. Mwenyekiti akipita, anawekewa wa kwake. Mimi nikifungua duka, naamkiwa na mnyama anayekula barua. Wageni wakija kumjulia hali anawawekea ule wa duara, nao wanavua kofia. Aliongea na watu kwa njia hiyo miezi mingi, na naweza kusema alikuwa anaongea vizuri.

Halafu kaledio kakaanza kukwaruza. Pengine kaliingia maji ile asubuhi ya kuanguka, pengine ni uzee wake tu. Sauti ikawa inatoka na mchanga ndani yake. Mimi wiki hiyo nilikuwa nimekwenda Shinyanga kwenye msiba wa mjomba, duka limefungwa. Angenisubiri. Mama Kulwa alimwambia asubiri. Lakini alikuwa hapendi kutumikiwa, akachukua fimbo yake, akajikokota mwenyewe hadi sokoni kwa fundi wa simu.

Fundi yule ni kijana mwenye adabu, nasema hivyo ili mtu asimfikirie vibaya. Alinieleza mwenyewe, ameketi kwenye benchi langu, mikono katikati ya magoti.

"Dada, mzee alikuja, nikamwamkia, nikampa kiti. Akanipa kale karedio. Nikamuuliza, nikufanyie nini, babu? Akasema, safisha."

"Akasema hivyo tu?"

"Safisha. Nikamuuliza mara ya pili, nisafishe yote? Akasema ee, akatingisha na kichwa. Sasa mimi, mteja akisema nisafishie memori, najua anataka iwe tupu. Nikasafisha."

Yule mzee maisha yake yote ya huku alisafisha dhahabu. Mwaloni, kusafisha ni kuondoa takataka ili dhahabu ibaki. Unamwaga maji, unatikisa karai, uchafu unaondoka, na kile unachokitaka kinalala chini. Hakuna mtu mwaloni ambaye akiambiwa asafishe atamwaga vyote. Alimpa kijana neno zuri kuliko yote aliyobakiwa nayo, na kijana akalisikia kwa Kiswahili cha sokoni.

"Basi imefutwa tu," nilimwambia fundi, nikiwa bado na matumaini. "Iliyofutwa inaweza kurudishwa. Hukuweka kitu juu yake?"

Akainamisha kichwa.

"Nilimwonea huruma, dada. Mzee anaumwa, redio tupu. Nikamjazia nyimbo. Za kisasa, nzuri. Nilimjazia mpaka ikajaa. Sikumtoza hata kidogo."

Nilitamani awe amefanya kwa ujeuri. Ningepata mtu wa kumfokea.

Nitaeleza kwa kifupi, maana watu wengi hawajui. Ukifuta wimbo, hauondoki palepale. Mashine inasahau tu ulipo, na ukiwahi unaweza kuupata. Lakini ukiweka wimbo mwingine mahali pale pale, wa kwanza umekwisha, hakuna mtaalamu wa Mwanza wala wa Dar atakayeurudisha. Niliyajua hayo nikiwa nachomeka waya. Nikachomeka hivyo hivyo, kwa sababu Manju alikuwa amesimama nyuma yangu pale pale aliposimama siku ya kufuta, na Mama Kulwa amekaa na mkoba wake mapajani anasubiri kama watu wanavyosubiri nje ya chumba cha daktari.

Programu ya kutafuta mafaili ikaanza kutembea. Manju aliukazia macho ule mstari unaojaa polepole. Ulipofika mwisho nikafungua faili la kwanza. Sauti yake ikatoka, safi, neno moja na nusu, kisha akaingia kijana anamlilia mpenzi wake asimwache. Nikafungua lingine: kijana tangu mwanzo. Lingine: mkwaruzo. Lingine: Manju anakohoa, watu wanacheka, ngoma inagongwa mara moja, na kijana wa mpenzi.

"Marudio," Manju akasema.

Mama Kulwa akanitafsiria ingawa nilielewa. Marudio ni ule mchanga uliokwisha kuoshwa. Wachimbaji hawautupi, wanauosha tena, na mara nyingi dhahabu bado imo. Alikuwa ananiambia nioshe tena.

Nikaosha tena. Nilibadilisha programu, nikaazima kompyuta ya mwalimu mmoja wa sekondari, nikawatumia mafaili watu wenye ujuzi zaidi yangu. Wote walijibu nilichokuwa nakijua. Kila nilipogeuka kumwambia basi, alinyoosha kidole kwenye kioo na kusema lile lile. Siku ya mwisho nilizima mashine huku nalia, na yeye akanipigapiga begani kwa mkono mzima, kama mimi ndiye niliyefiwa.

Nikasema labda kundi linakumbuka. Mama Kulwa alikuwa na namba chache. Nilimpata mwanamke mmoja Nkome, anaanika dagaa kule ziwani, upepo unavuma kwenye simu. Alifurahi kusikia jina la Manju hadi akapiga kigelegele.

"Nazikumbuka zote, mwanangu! Zote!"

"Ule wa duara?"

Akaimba. Aliimba maitikio, yote, bila kukosea.

"Na katikati, mama? Yale majina?"

"Aa, hayo ni ya Manju. Sisi tulikuwa tunaitikia. Maneno ni yake mwenyewe, msimu mwingine alibadilisha hapo hapo uwanjani. Muulize yeye."

Mzee mmoja wa Kolandoto akaniambia hayo hayo. Wa tatu alikuwa ameshafariki, simu ikapokelewa na mwanawe. Nilijaribu kumuuliza mwanawe majina ya wale vijana, akanitajia mawili, moja hakuwa na uhakika nalo.

Watoto wake walikuja kumchukua, wakamrudisha Songwa, kaledio kakabaki dukani kwangu. Nyumba ya ng'ambo ya barabara akapangishwa muuza vipuri vya pikipiki. Nilimkumbuka vibaya. Nilikuwa naingia dukani asubuhi na nasikia kimya kile masikioni, na printa yenyewe ilikuwa imekwisha kupona.

Nilikwenda kumwona baada ya mavuno. Nilikuwa na kitu kimoja cha kumpelekea: kipande kirefu kuliko vyote vilivyopona, ambacho kijana wa mpenzi hakukifikia. Nilikuwa nimekiweka peke yake kwenye kaledio, nikiwa nimemtoa kijana na wenzake wote.

Nilimkuta amekalishwa ukutani kwenye kiti cha plastiki, jua la alasiri limemfika magotini. Alikuwa amepungua. Maneno ya kazini nayo yalikuwa yamekwenda. Mama Kulwa alikaa kwenye mkeka karibu yake anapeta choroko.

"Shikamoo, Manju."

"Anasema marahaba," alijibu Mama Kulwa. "Karibu, mwanangu. Umekuja na jua lote hili?"

Nilimvalisha kaledio shingoni na kubonyeza. Sauti yake ikatoka, ya ujanani, inauliza nani atawarudisha ng'ombe nyumbani kama wanaume wote wameshuka chini. Pale ambapo kundi lilipaswa kuitikia, kipande kikaisha.

Mama Kulwa akaitikia. Hakuinua hata uso kwenye ungo. Sauti ilikuwa nyembamba, imechakaa, lakini ilianguka mahali pake. Kisha akasubiri ubeti wa pili, na ubeti wa pili haukuwepo.

Manju akainua mkono wa kulia, kidole kimoja juu. Midomo yake ikaanza kutembea. Hakikutoka kitu, hata pumzi sikuisikia, lakini kidole kilikuwa kinakwenda kidogo kidogo, na Mama Kulwa ameweka ungo chini anakitazama. Kikashuka. Akaitikia. Kikapanda tena.

Niliuliza kama niwashe simu. Mama Kulwa akamtazama mumewe, akasema, washa.

Waliimba hivyo mpaka jua likamtoka magotini. Rekodi ninayo, na safari hii nimeiweka kila mahali ninapoweza kuweka kitu. Ukiisikiliza utasikia kuku, pikipiki inapita mbali, kimya, halafu mwanamke mzee anaitikia, halafu kimya. Kuna wanaoniuliza ni ya nini. Vimya havilingani: kila wimbo una vya kwake, virefu au vifupi kwa kadiri ya maneno yaliyokuwemo, na mimi nyimbo zenyewe siwezi kuzitofautisha. Ni mmoja tu nilioujua pale pale. Kidole kilipanda, kikashuka, Mama Kulwa akaitikia kwa sauti ya chini kuliko kwanza, kikapanda tena, na kila mara midomo ya Manju ilikuwa inasema kitu kifupi kisha kirefu kidogo, jina na lake. Kijana wa mwisho alimkalia sana. Kidole kilikuwa bado juu, na Mama Kulwa akamsubiri.